Kofia Peke Yake Haitoshi: Historia ya Bima ya Jamii, Hesabu Zake na Taasisi Zake



 Najua saa hii pengine umeshafuturu, uko na kikombe cha kahawa mkononi na huna haja ya somo la uchumi. Lakini nivumilie kidogo. Nitakayokueleza yanahusu mfuko wako, wazazi wako, na siku ambayo huijui itakuja lini.

Nianze na kisa cha nyumbani. Ramadhan mbili zilizopita, ami yangu, fundi seremala, aliteleza akiwa juu ya paa la mtu akavunjika nyonga. Akalazwa, akapasuliwa, bili ikapanda. Baada ya tarawehe imamu akatangaza, kofia ikapitishwa safu kwa safu. Usiku wa kwanza, alhamdulillahi, kofia ilirudi imejaa. Usiku wa pili ikarudi nusu. Usiku wa tatu imamu mwenyewe alisita kutangaza, kwa sababu kulikuwa na mama mmoja wa mtaani ana maradhi ya figo, na mtoto mwengine anangoja kupasuliwa moyo. Kofia ni ile ile, mifuko ni ile ile.

Mwisho ami aliuza mashine yake ya randa ndipo akatoka hospitali. Na kadi ya bima ya afya? Alikuwa nayo zamani. Aliacha kuilipia miaka minne nyuma, akisema, "Mimi naumwa na nini mpaka nitoe pesa kila mwezi?"

Mimi nasoma uchumi chuoni, mwaka wa tatu. Swali la ami na swali la kofia nimekuwa nikitembea nayo tangu siku hiyo. Kwa nini kofia huchoka? Na kwa nini mtu mzima mwenye akili zake huacha bima wakati yuko mzima? Nilipoingia maktaba nikakuta kwamba maswali haya yana historia ndefu, na wataalamu wamegawanyika makundi mawili kuyajibu. Kundi moja linasema: fanya hesabu kwanza. La pili linasema: jenga taasisi kwanza, yaani sheria, ofisi, na utaratibu wa nani analipa na nani anasimamia. Hebu tuwasikilize wote wawili.

WAJANE WA SCOTLAND

Tuanzie Scotland, miaka ya 1740. Wachungaji wa kanisa la huko walikuwa na mishahara midogo na nyumba za kanisa. Mchungaji akifa, mshahara unakatika, nyumba inachukuliwa, na mjane na watoto wanabaki nje. Walikuwa wakichangiwa kwa kofia, kama sisi.

Wachungaji wawili, Robert Wallace na Alexander Webster, wakaona kofia haitoshi. Wakawaza mfuko: kila mchungaji atoe kiasi fulani kila mwaka, na akifa mjane wake alipwe kila mwaka mpaka naye afe. Wazo lenyewe halikuwa jipya. Jipya lilikuwa swali walilouliza: kiasi gani? Ukitoza kidogo, mfuko utafilisika na wajane wa baadaye watakosa. Ukitoza kingi, wachungaji hawatajiunga.

Badala ya kukisia, walihesabu. Webster aliandikia makanisa ya Scotland yote akaomba takwimu. Walikuwa pia na kazi ya Edmond Halley, yule mtaalamu wa nyota, ambaye mwaka 1693 alitoa jedwali la vifo vya mji wa Breslau kuonyesha watu wangapi hufa katika kila umri. Na aliyewasaidia kukagua mahesabu ni Colin Maclaurin, profesa wa hesabati wa Edinburgh.

Wakapata hivi: wakati wowote kuna wachungaji 930 hai. Kila mwaka, kwa wastani, hufa 27. Kati ya hao 27, 18 huacha wajane. Hawakujua nani atakufa, hilo halijui mtu. Walichojua ni wangapi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye siri ya bima yote. Kifo cha mtu mmoja ni ghaibu. Vifo vya watu 930 vina mwendo wake, na mwendo huo ukiandikwa vizuri miaka mingi unaonekana.

Wewe uliyesoma mirathi madrasa hesabu kama hizi si geni kwako. Ustadh alitufundisha kugawa nyumba ya marehemu: mke thumni akiwa marehemu ameacha watoto, robo akiwa hakuacha, na kadhalika mpaka hesabu ikae sawa. Tofauti ni kwamba mirathi hugawa kilichopo, nao walikuwa wakigawa kitakachokuwepo.

Hebu tufanye hesabu ndogo pamoja. Tuseme, kwa mfano tu, kila mjane ataishi miaka 20 baada ya mumewe. Wajane wapya ni 18 kila mwaka. Basi baada ya miaka 20 mfuko utakuwa na wajane 18 mara 20, yaani 360. Ukitaka kumpa kila mmoja pauni 10 kwa mwaka, unahitaji pauni 3,600. Gawanya kwa wachungaji 930: karibu pauni 3 na shilingi 17 kila mmoja. Mfuko wao kwa kweli ulitoza daraja la chini pauni 2, shilingi 12 na peni 2 kwa mjane kupata pauni 10. Mbona ni kidogo kuliko hesabu yetu? Kwa sababu miaka ya mwanzo wajane ni wachache, michango inakusanyika, na ile akiba ikazalishwa. Ilikuwa ikikopeshwa kwa riba, na hapo najua msomaji umeshakunja uso. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Mfuko ulianza 1744. Walibashiri kwamba kufikia 1765 utakuwa na mtaji wa pauni 58,348. Mwaka 1765 ulipofika, zilikuwepo pauni 58,347. Walikosea kwa pauni moja!

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1771 Richard Price, mchungaji wa Uingereza aliyekuwa hodari wa hesabu, aliandika kitabu kuonyesha kwamba vyama vingi vya aina hii vilikuwa vinatoza kidogo mno kulingana na ahadi zao. Vinaonekana vizima kwa sababu wanachama bado ni vijana. Watakapozeeka pamoja, mfuko utakauka. Chama chochote hapa kwetu kinachowalipa watu vizuri miaka mitano ya kwanza kisijisifu bado.

UJERUMANI: SERIKALI YAINGIA

Mfuko wa Scotland ulifanya kazi kwa sababu wachungaji walikuwa kundi moja, wanajulikana, mshahara wao unajulikana. Lakini mfanyakazi wa kiwandani je, aliyehama kijiji akaja mjini, hana ukoo karibu, akikatwa mkono na mashine?

Ujerumani ya miaka ya 1870 ilijaa watu kama hao. Walikuwepo wanauchumi walioongozwa na Gustav Schmoller walioamini kwamba uchumi haufahamiki kwa kanuni za kichwani tu. Lazima usome historia ya watu, sheria zao, desturi na vyama vyao. Mwaka 1872 walikutana Eisenach, na kutoka hapo kikazaliwa chama chao cha kuchunguza siasa ya jamii.

Chansela Otto von Bismarck alikuwa na sababu zake. Mwaka 1878 alipiga marufuku vyama vya wasoshalisti. Akajua fimbo peke yake haitoshi, lazima mfanyakazi aone faida ya dola. Ndipo zikaja sheria tatu: bima ya ugonjwa 1883, bima ya ajali kazini 1884, na bima ya uzee na ulemavu 1889.

Angalia jinsi zilivyopangwa, maana kila moja ilikuwa na mlipaji wake. Ya ugonjwa, mfanyakazi alilipa theluthi mbili na mwajiri theluthi moja. Ya ajali, waajiri walilipa yote, na waliiendesha kwa vyama vyao kulingana na aina ya kazi. Ya uzee, nusu kwa nusu, na serikali ikaongeza ruzuku. Umri wa kulipwa uzeeni ulikuwa miaka 70, na wengi hawakuufikia. Ulishushwa hadi 65 mwaka 1916.

Jambo kubwa hapa ni neno moja: lazima. Haikuwa hiari tena.

Na katika mwaka ule ule wa 1883, Carl Menger wa Vienna alitoa kitabu cha kumpinga Schmoller. Menger alisema elimu ya uchumi inahitaji kanuni za jumla zinazotokana na fikra, kwani marundo ya historia hayamalizi swali. Wakajibizana kwa maneno makali mpaka ugomvi wao ukapewa jina katika historia ya elimu hii. Wakati maprofesa wanagombana, mfanyakazi wa Ujerumani alikuwa tayari anakatwa mchango wake.

MAREKANI: MOTO WA NEW YORK

Mmarekani Richard Ely alisoma Ujerumani, akarudi na mafunzo hayo. Mwaka 1904 alimleta John R. Commons katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Commons ndiye tunayemsoma kama mmoja wa waasisi wa uchumi wa taasisi. Hakuwa mtu wa kukaa ofisini. Aliwapeleka wanafunzi wake viwandani, kwenye vyama vya wafanyakazi, mahakamani.

Zamani hizo huko Marekani, ukiumia kazini ilibidi umshitaki tajiri wako. Naye alikuwa na njia tatu za kuponyoka: aseme mwenzako wa kazini ndiye aliyekosea, au wewe mwenyewe ulizembea, au ulijua kazi ni ya hatari ukaikubali. Mjane wa maskini atashinda kesi gani hapo?

Mwaka 1910 jimbo la New York lilipitisha sheria ya fidia. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo ikaibatilisha, ikisema inamnyang'anya mwajiri mali yake bila kosa kuthibitishwa. Kesho yake tu, tarehe 25 Machi, kiwanda cha nguo cha Triangle mjini New York kikashika moto. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, wengine wakiruka madirishani kutoka ghorofa ya tisa.

Mwaka huo huo Wisconsin ikapitisha sheria yake ya fidia, na ikaunda tume ya kusimamia viwanda, Commons akiwa mmoja wa waliobuni. Fikra yake ilikuwa rahisi ukiieleza: ukimfanya mwajiri alipie kila ajali, ataanza kuzuia ajali. Mwenye ajali chache atalipa bima ndogo, mwenye ajali nyingi kubwa. Atafunika magurudumu ya mashine kwa sababu kutofunika kumekuwa ghali. Hii ndiyo hoja ya watu wa taasisi: ukibadilisha kanuni za mchezo, watu wale wale watacheza vingine.

Lakini si kila mtu alikubaliana naye katika kila kitu. Isaac Rubinow alizaliwa Urusi, akahamia Marekani, akasomea udaktari. Alitibu maskini wa New York mpaka akaona dawa hazitibu umaskini, akaacha udaktari akawa mtaalamu wa hesabu za bima. Mwaka 1913 alitoa kitabu kikubwa kuhusu bima ya jamii, na 1914 akawa rais wa kwanza wa chama cha wataalamu wa hesabu za bima za ajali.

Miaka ya 1930 ilipokuja na ukosefu wa kazi usio na mfano, wakagawanyika waziwazi. Wanafunzi wa Commons walipitisha Wisconsin, Januari 1932, sheria ambayo kila mwajiri aliweka akiba yake peke yake kwa ajili ya wafanyakazi atakaowaachisha. Nia ni ile ile: mwajiri aone uchungu wa kuachisha watu. Rubinow na wenzake wa Ohio wakasema hapana. Kiwanda kikianguka chote, akiba yake itakwisha wiki chache na watu watabaki mikono mitupu. Na mwajiri mmoja hawezi kuzuia mdororo wa nchi nzima, kama wewe huwezi kuzuia kusi. Wekeni mfuko mmoja, waliozima wawabebe walioanguka.

Kihesabu, Rubinow alikuwa sahihi: mfuko mkubwa una nguvu kuliko vifuko mia. Kitaasisi, Commons alikuwa na lake: mfuko wa wote humfanya mtu asahau kwamba kosa ni lake. Sheria ya Usalama wa Jamii ya Marekani ya tarehe 14 Agosti 1935, ambayo Edwin Witte, mwanafunzi wa Commons, aliongoza matayarisho yake, iliwaachia majimbo wachague. Mengi yalichagua mfuko mmoja wa pamoja, lakini mwajiri anayeachisha watu wengi alipishwe zaidi. Wakachukua kwa Rubinow na kwa Commons.

Tusiisifu kupita kiasi. Sheria hiyo ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa nyumbani, na katika majimbo ya kusini hao walikuwa Waamerika weusi kwa wingi. Walianza kuingizwa kwa mabadiliko ya 1950 na 1954. Ukisoma hilo huwezi kuacha kuwaza mama anayefua nguo za watu Nyali, au kijana wa mkokoteni Kongowea. Mara nyingi anayehitaji bima zaidi ndiye anayesahauliwa mwanzo.

MWANAMKE ALIYELIPA DOLA 24 NA SENTI 75

Sasa turudi kwa watu wa hesabu. Mtu wa kwanza kupokea malipo ya kila mwezi ya uzeeni chini ya sheria ile alikuwa Ida May Fuller wa Vermont. Alichangia miaka mitatu tu, jumla dola 24 na senti 75. Hundi yake ya kwanza, ya tarehe 31 Januari 1940, ilikuwa dola 22 na senti 54. Akaishi mpaka miaka 100. Alipofariki alikuwa amepokea dola 22,888 na senti 92.

Pesa hizo zilitoka wapi? Kwa wafanyakazi vijana waliokuwa wakikatwa mishahara wakati ule. Nao watalipwa na watakaowafuata. Mwaka 1958 Paul Samuelson aliandika makala ya hesabu kuonyesha jinsi mpango kama huu unavyoweza kusimama bila akiba: idadi ya watu inapoongezeka, kila kizazi kinaweza kupokea zaidi ya kilichotoa, kwa sababu kinachokifuata ni kikubwa zaidi.

Fanya hesabu mwenyewe. Wazee wanahitaji shilingi 1,000 kila mmoja. Kama kwa kila mzee kuna vijana wanne, kila kijana atoe 250. Wakiwa wawili, kila mmoja atoe 500. Mzee hakubadilika, kilichobadilika ni idadi ya watoto waliozaliwa. Ndiyo maana nchi za Ulaya na Japani zinahangaika leo. Sisi Kenya tuna vijana wengi sasa, lakini kijana asiye na kazi hachangii kitu, awe mmoja au wanne.

KWA NINI AMI ALIACHA BIMA

Mwaka 1963 Kenneth Arrow aliandika makala iliyoanzisha uchumi wa afya kama tunavyousoma. Mwaka 1970 George Akerlof akaeleza jinsi soko linavyovunjika pale upande mmoja unapojua kisichojulikana na upande wa pili, na akataja wazee kukosa bima ya matibabu kama mfano. Mwaka 1976 Michael Rothschild na Joseph Stiglitz wakaingiza jambo hilo la bima katika hesabu kamili. Akerlof na Stiglitz walipata tuzo ya Nobel 2001 pamoja na Michael Spence.

Nitakupa hesabu hiyo kwa njia ya mtaani. Tuseme mtaa una watu 100, makundi matano ya watu 20. Kundi la kwanza, vijana wazima, matibabu yao kwa wastani ni shilingi 1,000 kwa mwaka. La pili 2,000, la tatu 3,000, la nne 4,000, na la tano, wagonjwa na wazee, 5,000. Kila mtu yuko tayari kulipa shilingi 400 zaidi ya gharama yake, ili alale na amani.

Mfuko unatoza wastani, 3,000. Vijana wa kundi la kwanza wanapiga hesabu: sisi mwisho wetu ni 1,400. Wanatoka. La pili mwisho wao 2,400, nao wanatoka. Waliobaki wastani wao sasa ni 4,000, mfuko unapandisha. Kundi la tatu, mwisho wao 3,400, wanatoka. Wastani unakuwa 4,500. Kundi la nne mwisho wao 4,400. Kwa shilingi mia tu, wanatoka! Wanabaki wagonjwa peke yao na mchango wa 5,000.

Hakuna aliyefanya ujinga hapo. Kila mmoja alipiga hesabu sahihi ya nafsi yake, na mfuko ukafa. Ami yangu alikuwa katika kundi la pili.

Hii ndiyo hoja yenye nguvu ya kufanya bima iwe lazima. Ni kweli kijana atalipa zaidi ya gharama yake ya leo, na ana haki ya kunung'unika. Lakini kijana huyo hatabaki kundi la kwanza milele. Anapita makundi yote matano, kama alivyopita ami.

Watu wa hesabu walionyesha hatari ya pili pia: aliye na bima hutumia zaidi. Kati ya 1974 na 1982 shirika la utafiti la RAND liligawa familia za Wamarekani kwa bahati nasibu. Baadhi zilipewa matibabu ya bure, nyingine zikalipa sehemu. Waliotibiwa bure walitumia zaidi, na kwa jumla afya zao hazikuzidi sana za wenzao. Lakini maskini waliokuwa tayari na maradhi, hasa presha, walifaidika na matibabu ya bure. Kwa hivyo ukimtoza kila mtu kitu kidogo mlangoni utaokoa pesa, na utamfukuza yule yule mwenye presha asiyekuwa nacho.

TURUDI KENYA

Serikali ya Kenya huru ilianza mapema. Mfuko wa NSSF ulianzishwa 1965, NHIF 1966. NSSF ya mwanzo ilikuwa akiba: unakatwa, ukistaafu unapewa chako kwa mkupuo mmoja. Hakuna anayembeba mwenzake, kwa hivyo aliyeishi miaka 20 baada ya kustaafu alimaliza pesa zake akabaki mikononi mwa watoto. Sheria ya 2013 iliigeuza iwe mfuko wa pensheni wa kukatwa asilimia, lakini kesi mahakamani zikaichelewesha mpaka Februari 2023.

NHIF ilianza na walioajiriwa. Wa jua kali walifunguliwa mlango wa kujiunga kwa hiari kuanzia 1972, na wewe sasa unajua hesabu ya hiari inaishia wapi. Mwaka 2004 bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya, Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi kwa sababu ya gharama. Miaka 20 ikapita. Chini ya sheria ya 2023, kuanzia Oktoba 2024 mfuko mpya wa SHIF ulichukua nafasi ya NHIF, mchango ukiwa asilimia 2.75 ya kipato, na si chini ya shilingi 300 kwa mwezi.

Kihesabu, asilimia ni bora kuliko kiasi kimoja kwa wote, maana tajiri na maskini hawabebi mzigo sawa. Lakini Commons angeuliza swali lake: utamkata nani asilimia kama hana risiti ya mshahara? Muuza samaki kipato chake cha leo ni elfu mbili, kesho ni sufuri kwa sababu bahari ilichafuka. Ukimwambia alipe ya mwaka mzima kwa mara moja, umepanga mfuko kwa ajili ya mtu mwengine. Sheria ikisema lazima na ofisi haina njia ya kukusanya, basi ni hiari kwa jina jengine.

Sasa lile la riba. Neno bima lenyewe limetufikia kutoka Uajemi na Bara Hindi, na wanazuoni wamelijadili sana. Mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah liliamua kwamba bima ya kibiashara ya ada maalumu haifai kwa sababu ya gharari iliyomo, na likaelekeza kwenye bima ya kushirikiana, inayojengwa juu ya kuchangiana. Sudan ilikuwa imeshaanzisha kampuni ya aina hiyo 1979, na Kenya ilipata kampuni yake ya takaful 2011. Kwa fatwa kamili waulize masheikh, mimi si mtu wake. Ninachosema ni hiki: takaful nayo inahitaji hesabu ya Webster. Nia njema haimwongezei mjane miaka wala haimpunguzii.

TUFANYE NINI?

Kijana mwenzangu, hapa mtaani tuna vyama vya matanga, vya harusi, vya vijana wa msikiti. Taasisi tunazo, na uaminifu upo, maana kila mtu anamjua mwenzake. Tunachokosa ni daftari. Chama chako kina watu wangapi, na umri wao? Miaka mitano iliyopita wangapi walilazwa, wangapi walifiwa, na kila mmoja aligharimu ngapi? Michango ya leo inatosha wanachama wakizeeka pamoja? Na asiyelipa akiugua, mmekubaliana mtafanya nini kabla hajaugua?

Niliuliza maswali haya kwenye kamati yetu baada ya futari moja. Wazee walicheka kidogo, kisha mmoja akasema, "Basi wewe msomi andika." Nimeanza kuandika. Nina majina 64 na umri wao, na bado nakusanya ya hospitali. Si wachungaji 930, lakini ndio mwanzo. Na kwa sababu watu 64 ni wachache mno kumbeba mgonjwa mmoja wa figo, tumewaambia wanachama wote walipie pia bima ya serikali, na chama kimsaidie asiyeweza mwezi huo. Mzigo mdogo tutaubeba sisi, mkubwa ubebwe na mfuko mkubwa.

Jina la ami ni la kwanza kwenye daftari. Anatembea sasa, anachechemea kidogo. Anafanya kazi karakana ya mtu mwengine, kwa malipo ya siku, na mashine anayotumia ni ile ile yake ya zamani, maana mwenye karakana ndiye aliyeinunua. Nilipomwomba umri wake na historia ya maradhi yake alinitazama, akanyamaza, kisha akanitajia yote. Halafu akauliza mchango ni shilingi ngapi.

Ramadhan njema. Kofia ikikupitia usiku wa leo, tia kitu. Kesho yake keti na wenzako mfungue daftari.

Wabillahi tawfiq.